Maganda Yenye Alama Nyekundu

Arvid Sletten alikuwa na mkono wa birika, na wala hakuona haya. Kwenye mkahawa wa kando ya reli alikuwa akiagiza maji ya moto peke yake, kisha anatoa mfukoni kifuko cha chai alichokwisha kukitumia nyumbani asubuhi, anakitumbukiza kikombeni na kukikamua kwa vidole. Mhudumu alikuwa akimletea na kijiko. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao.

Ubahili wake haukuwa wa roho mbaya. Baba yake alilima ngano huku kwetu kaskazini mwa Montana, kwenye shamba ambalo mvua ya mawe ililipenda kuliko mvua ya kawaida. Arvid akiwa mtoto, baba yake alikuwa akimpa bunduki na risasi moja tu, anamwambia, "Hiyo ndiyo nyama ya Jumapili. Ukikosa tutakula viazi, na wewe ndiye utakayeeleza mezani kwa nini." Mtu aliyelelewa hivyo hawezi tena kuona risasi kama kitu cha kuchezea. Alipokuwa mtu mzima, akifanya kazi kwenye maghala ya nafaka, bado alikuwa akiishika risasi kama unavyoshika yai.

Mimi nilipanga kwake. Msimu wa mavuno nilikuwa nikizurura na mashine za kuvunia, kutoka kusini hadi mpakani, na theluji ikianguka nilirudi kwenye nyumba yangu ya magurudumu, iliyoegeshwa nyuma ya karakana ya Arvid. Kodi yangu ilikuwa kupasua kuni na kufagia theluji njiani. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na mengine nilisimuliwa na Arvid tukiwa tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, yeye akivuta kiko chake.

Huku kwetu mtu mwenye akili hanunui risasi dukani. Anazijaza mwenyewe. Ukifyatua, kinachoruka ni kichwa tu. Ganda la shaba linabaki, na ganda ndilo ghali. Unaliosha, unatia fataki mpya, kile kidude cha kuwashia baruti, kwenye kitako chake, unapima baruti, unaimimina ndani, unashindilia kichwa juu yake, na umepata risasi kwa robo ya bei. Arvid hakununua hata vichwa. Aliviyeyusha kutokana na vile vipande vya madini ya risasi wanavyobana kwenye rimu za magari kusawazisha matairi. Fundi matairi alikuwa akimwekea kopo zima, na malipo yake yalikuwa mkate wa tufaha wa Lavonne.

Lavonne ndiye mkewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye vidole virefu, mpiga kinanda wa kanisa letu la Kilutheri tangu ujana. Na ndiye aliyekuwa akipima baruti. Arvid alikuwa na mikono kama koleo, kazi yake ilikuwa kuvuta mkono wa mashine ya kujazia na kushindilia. Lavonne aliketi kwenye meza ya karakanani mbele ya mizani ndogo, akimimina punje kwa punje na kijiko cha chumvi, midomo imebanwa, mpaka sindano itulie. Jumanne baada ya chakula cha mchana ilikuwa siku yao. Wakati mwingine niliingia kuomba moto wa kiko nikafukuzwa.

"Rudi nje na kiko chako," Lavonne alikuwa akiniambia. "Unataka kutupeleka wote kwa Mungu na aproni zetu?"

Sheria ya meza ile aliiweka yeye: kopo moja tu la baruti mezani kwa wakati mmoja. Kuna baruti ya bastola na kuna baruti ya bunduki. Ya bastola ni vipande bapa kama pumba, inaungua haraka. Ya bunduki ni vijiti vifupi, inaungua polepole. Ukizichanganya, bunduki inaweza kukupasukia usoni. Kwa hiyo Lavonne hakuwahi kufungua kopo la pili kabla la kwanza halijarudi kabatini. Miaka yote ile, mimi nikimjua, hakuwahi.

Jumamosi walikwenda uwanja wa shabaha, nyuma ya jaa la mji, kwenye kilima cha changarawe. Arvid alilenga, na Lavonne alikusanya maganda nyuma yake akiyatia kwenye kopo la kahawa. Kila ganda alilipaka kitone cha rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako. Kila mtu pale ana rangi yake. Duane Kopecky, mwenye duka la vyuma, yake ni buluu. Msidhani ni mchezo. Niliwahi kuona watu wawili waliobatizwa siku moja wakikosa kuamkiana mwaka mzima kwa sababu ya maganda.

Basi ndiyo yalikuwa maisha yao, na kwa kweli sikuwahi kuona ndoa yenye maneno machache zaidi wala yenye amani zaidi.

Kisha Lavonne akaanza kusahau.

Mwanzoni ilikuwa mambo ya kila mzee: miwani, jiko, jina la mchungaji mpya. Halafu siku moja akaenda na gari kununua maziwa, akapatikana jioni kwenye barabara ya mpakani, amekaa ndani ya gari lililoishiwa mafuta, akiwa na maziwa mapajani. Daktari akasema asiendeshe tena. Arvid akauficha ufunguo. Baada ya Pasaka, kanisani, Lavonne alipiga wimbo uleule mara tatu mfululizo, na watu wakauimba mara tatu kwa heshima yake, lakini Jumapili iliyofuata kwenye kinanda aliketi mtu mwingine. Lavonne hakulalamika. Alirudi nyumbani, akavua viatu vyake vya kupigia kinanda, akavisafisha, akavifungia kwenye sanduku.

Jumanne akaketi mbele ya mizani kama kawaida. Arvid aliniambia siku hizo, "Gari wamemchukulia. Kinanda wamemchukulia. Meza hii hakuna atakayemchukulia mimi nikiwa hai."

Yakatokea ya Oktoba.

Tulikuwa uwanjani watatu, siku yenye baridi kavu. Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa unakaribia, na Arvid alitaka kuhakikisha bunduki inalenga sawa. Akafyatua moja. Mlio haukuwa ule wa kawaida wa bunduki ile. Mimi si mtaalamu lakini hata mimi niligeuka. Arvid alijaribu kufungua komeo la bunduki, kile chuma kinachofungia risasi ndani, likagoma. Akachukua kipande cha ubao, akaligonga, likagoma, akagonga tena mpaka likafunguka, na ganda likatoka. Aliliangalia kitako. Fataki ilikuwa imebonyea na kuwa bapa kabisa, na kitone chekundu kimepasuka katikati.

"Kuna nini?" Lavonne akauliza, ameshika kopo lake.

"Komeo chafu, mama. Sijalipaka mafuta."

"Nilikuambia ulipake."

"Uliniambia."

Akalitia lile ganda mfukoni mwake badala ya kumpa, akasema baridi imemwingia kifuani, turudi. Njiani Lavonne akampandishia kola ya koti kwa ajili ya hiyo baridi.

Lavonne alipolala mchana, Arvid alinishika mkono tukaingia karakanani. Akafungua kopo la baruti ya bunduki, akamimina kidogo kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha. Vijiti vilikuwepo. Na katikati ya vijiti, pumba. Lavonne alikuwa amemimina masalio ya baruti ya bastola humo, bila kujua, labda akiwa na makopo yote mawili mezani, labda akiwaza mambo ya zamani.

"Tumwambie," nikasema.

"Tumwambie nini?"

"Kwamba ameikosea."

Arvid akairudisha baruti ile koponi. "Wewe huna mke," akasema. Hakusema kwa kunidharau. Halafu akasema, "Akijua kwamba nusura aniue, hatashika tena hata kisu cha mkate. Atakaa kwenye kiti akingoja. Namjua."

"Na asipojua atakuua kweli."

"Ndiyo. Kwa hiyo nahitaji kufikiri."

Alichofikiria nilikigundua kwa masikio. Alhamisi asubuhi Lavonne alikuwa akichukuliwa na wanawake wa kanisa kwenda kushona mablanketi ya viraka. Gari lao lilipokata kona tu, nikasikia kutoka karakanani: tok, tok, tok. Nikaingia. Arvid alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, ana ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa. Unaitia risasi ndani yake, unagonga chini, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika. Risasi zote walizojaza Jumanne alikuwa akizibomoa, moja moja.

"Funga mlango," akaniambia. "Baridi."

Nikafunga. Nikaketi kwenye ndoo. Aliweka vichwa huku, maganda na fataki zake kule, na baruti akairudisha kwenye kopo lilelile bovu.

"Jumanne atazijaza tena," akasema. "Hizihizi."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi nitazibomoa tena." Akagonga. "Hakuna kinachopotea. Baruti ileile, vichwa vilevile. Sijawahi kujaza risasi kwa bei rahisi namna hii." Akacheka kidogo, halafu akaacha.

Ndivyo ilivyokwenda majira yote ya baridi. Mwanamke akijaza, mume akibomoa. Ndani ya nyundo alitia kipande cha soksi ili vichwa visipate makovu, lakini kichwa cha risasi iliyoyeyushwa ni laini, kilipata tu. Nilikuwepo Lavonne alipokigeuza kimoja kwenye mwanga.

"Arvid, mbona vichwa hivi vimechubuka pua?"

"Kalibu ya kumiminia vichwa imezeeka."

"Nunua nyingine."

"Nitanunua."

"Hutanunua," Lavonne akasema. "Wewe unaweza kuzikwa na kalibu hiyo." Wote wawili wakacheka, na akaendelea kupima. Kwa kupima, bado alikuwa sahihi kuliko mtu yeyote. Ni kopo tu alilokosea. Sindano ya mizani ilitulia pale alipoitaka.

Lakini Jumamosi ilibaki kuwa Jumamosi, na uwanjani ilibidi kitu kifyatuliwe. Mwanamke yule hakuwa mjinga. Kwa hiyo Arvid alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Alikwenda dukani kwa Duane Kopecky kununua risasi za kiwandani. Nilikuwa nimekwenda naye kununua misumari.

Duane aliziweka kwenye kaunta polepole. Mwaka ule fataki hazikupatikana popote, rafu zilikuwa tupu, na boksi la risasi lilikuwa limepanda bei kama nyumba.

"Ngoja nimwite mke wangu aje ashuhudie," Duane akasema. "Arvid Sletten ananunua risasi za boksi. Unaumwa, mzee?"

"Nipe mawili."

"Mawili. Umerithi wapi? Si wewe uliyetuhubiria hapa kwamba anayenunua risasi dukani hata kuku wake anamnunulia yai?"

"Ndimi niliyesema."

"Sasa?"

"Sasa nimezeeka, mgongo unauma, sitaki kuvuta mashine. Nipe na chenji."

Wanaume wawili waliokuwa wakichagua mnyororo wa msumeno wakacheka kwa sauti. Jioni ile habari ilikuwa imefika mkahawani. Wakamwita tajiri, wakamwita bwana mkubwa, mtu mmoja akainuka kumpisha kiti. Arvid akatia kifuko chake cha chai kwenye maji ya moto, akakikamua. Ubahili ulikuwa jina lake zuri katika mji ule, kama wengine wanavyojulikana kwa farasi au kwa sauti, naye akaacha liende.

Alizihamishia risasi za dukani kwenye maboksi ya Lavonne, yale yenye mwandiko wake juu. Jumamosi akafyatua chache, polepole, akipumzika kati ya moja na nyingine ili zidumu. Lavonne akakusanya.

Katika kujipanga kwake kote alisahau kitu kimoja, na ni kitu ambacho mtu mwingine yeyote angeweza kusahau ila si yeye. Hakuzipaka kitone chekundu. Majira ya baridi yote Lavonne alikuwa amevaa glavu nene, theluji iko chini, anazoa na kutia koponi. Na nyumbani Arvid aliwahi kopo kabla yake, akayabadilisha maganda yale na ya zamani. Lakini ilipofika Mei, theluji imeyeyuka, glavu zimekaa nyumbani, Lavonne aliokota ganda moja kwa vidole vitupu, akapitisha kidole gumba kwenye kitako.

Akasimama. Akaokota la pili. La tatu.

"Haya si ya kwetu," akasema.

"Labda ya Duane," Arvid akajibu bila kugeuka.

"Ya Duane yana buluu. Haya hayana kitu. Haya hayajawahi hata kujazwa tena, Arvid. Shingo zake ni mpya."

Arvid alikaa pale kwenye benchi, shavu bado liko kwenye kitako cha bunduki, hafyatui. Mimi nikaangalia kilima. Lavonne aliyatazama maganda yale kiganjani, na ninaamini alikuwa akirudi nyuma, moja baada ya jingine: vichwa vilivyochubuka, komeo lililogoma, kopo. Siku ile akili yake ilikuwa safi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba ilirudi siku ile.

Akayatia koponi yote, hata lile la mwisho. Kisha akaja akasimama nyuma ya mumewe, akaweka mkono kwenye shingo yake.

"Komeo halikuwa chafu," akasema.

"Hapana, mama."

"Ungeumia?"

"Sikuumia."

"Sijakuuliza hivyo."

Arvid akaiweka bunduki chini. Lavonne akasema twende nyumbani.

Jumanne, baada ya chakula, aliingia karakanani kama desturi. Mimi nilikuwa nikinoa shoka mlangoni. Alitoa kopo la bunduki kabatini akalifungua, akatazama ndani kwa muda, akalifunga. Akachukua mizani, akaifuta kwa aproni yake, sahani yake, sindano yake, akaiweka ndani ya sanduku lake la mbao na kubana kifuniko.

"Macho yangu yamechoka," akamwambia Arvid. "Pima wewe."

"Haya, mama."

"Na kopo hilo kalimwage bustanini, kwenye mimea ya rubabi. Linafaa kwa mbolea. Usilitupe bure."

Akatoka, akapita karibu yangu, akanigusa begani. Arvid akalimwaga lile kopo kwenye rubabi. Lakini kupima hakupima. Mashine aliifunika turubai, na mpaka leo sijamwona akiifunua.

Baada ya hapo Lavonne alishuka haraka. Sijui kama kwa ugonjwa tu angeshuka hivyohivyo, au kama ni kweli alivyosema Arvid, kwamba alikuwa ameshikilia ukingo wa meza ile na alipoachia akaachia. Kiangazi kile sikwenda na mashine za mavuno. Lavonne alisahau kwamba aliifunga mizani. Alisahau Mei yote. Lakini Jumamosi hakuisahau. Sijui aliijuaje. Aliamka, akavaa koti, akachukua kopo la kahawa, akakaa barazani.

"Leo hatuendi kulenga?"

"Tunaenda," Arvid alijibu.

Walikwenda, na mimi nyuma. Pesa ya risasi za dukani ilikuwa imekwisha, kwa maana kulikuwa na dawa, na muuguzi wa kuja asubuhi. Kwa hiyo Arvid alifanya alivyojua. Alibeba mfukoni maganda ya zamani, yale yenye vitone vyekundu, yaliyopakwa na Lavonne mwenyewe. Akiwa amelala kwenye mkeka, bunduki tupu begani, alivuta kifyatulio, kikalia tik, na mkono wake wa kulia ukayamwaga majanini nyuma yake. Lavonne akayainamia. Alikuwa akiokota na kutazama kitako, akiokota na kutazama.

"Haya ya kwetu," alisema kila mara, na uso wake ukatulia.

Akimaliza, Arvid aliyachukua koponi akayamwaga upande wa pili, aokote tena.

Watu walituona. Duane alikuja Jumamosi moja, akasimama kwenye gari lake bila kuzima injini. Akashuka, akatoa kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Toka lini?" Nikamwambia. Alirudi akazima gari, akafyatua risasi zake chache, na maganda yake ya buluu hakuyaokota. Akayaacha. Lavonne hakuyagusa. Hayakuwa ya kwetu.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa Septemba, kabla hawajampeleka kwenye nyumba ya wazee mjini. Upepo ulikuwa unalaza majani. Aliokota mpaka kopo likajaa, akakitazama kilima kama mtu anayetafuta barabara, kisha akamwendea Arvid, aliyekuwa akikunja mkeka, akamnyooshea lile kopo kwa mikono miwili.

"Bwana," akamwambia, "samahani. Unaweza kumpelekea mume wangu haya? Anaitwa Sletten. Ni mtu asiyependa kitu kipotee."

Arvid alisimama. Alivua kofia yake.

"Nitampelekea, mama."

"Usije ukayapunguza. Atajua."

"Sitapunguza hata moja."

Lavonne akaridhika. Tukatembea mpaka kwenye gari, yeye katikati yetu. Arvid akamfungia mkanda, akaliweka kopo mapajani mwake kwa sababu alikuwa bado akilitazama, akaketi kwenye usukani, lakini hakuwasha mara moja.

"Njia ya kwetu unaijua?" Lavonne akamuuliza.

"Naijua," akasema Arvid, akawasha gari.